Ngeli ya Sungura

"Sungura yupi?"

Swali hilo liliniangusha usiku wa kwanza, kabla hata sijamaliza ukurasa. Mpwa wangu alikuwa amekuja kwangu Morogoro likizo ya Juni. Ana miaka tisa. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na mimi nilikuwa nimeshika kitabu kwenye mwanga wa taa ya sola, macho yanasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili. Nikasema kwamba jioni ile sungura walikuwa wametoka mashimoni kula majani. Akanikatiza hapo hapo. Sungura yupi?

Kwa alivyozoea yeye, na kwa nilivyozoea mimi kabla yake, Sungura ni mmoja tu. Ni jina la mtu. Kuna Fisi, kuna Simba, kuna Kobe, kuna Sungura. Huwezi kumletea mtoto sungura chungu nzima kwa mpigo halafu utegemee aendelee kusikiliza.

"Hawa ni wengi," nikamwambia. "Ni kitongoji kizima cha sungura."

"Wote wajanja?"

Nikafikiri kidogo. "Hapana. Wengi wao waoga."

Akavuta shuka. Nadhani alinihurumia.

Kitabu chenyewe ni Watership Down cha Richard Adams, kilichotoka mwaka 1972. Nilikipata Dar es Salaam, Posta, kwa wale wauza vitabu vya mtumba wanaopanga mali yao chini kwenye turubai. Mgongo umeshikwa na selotepu, na ndani kuna muhuri wa maktaba ya shule fulani ya Uingereza. Nilitoa hela ya chipsi mayai. Kwa miaka mingi nilikuwa nakiruka kwenye rafu kwa sababu ya jina, maana nilidhani ni habari za meli iliyozama. Kumbe hakuna meli wala hakuna maji. Watership Down ni kilima kilichopo kweli, kaskazini mwa Hampshire, kusini mwa Uingereza, na hiyo "down" unayodhani ni kushuka, ni mwinuko wa majani ambao sungura wa hadithi wanaupanda wakihema.

Adams hakuwa mwandishi. Alikuwa mtumishi wa serikali mjini London, mtu wa mafaili. Hadithi aliianza ndani ya gari, wakiwa safarini kwenda Stratford kutazama tamthilia ya Shakespeare, kwa sababu binti zake wawili, Juliet na Rosamond, walidai hadithi ya kupunguza urefu wa njia. Halafu wakamsumbua aiandike. Akaiandika jioni jioni, baada ya kazi. Wachapishaji waliikataa mmoja baada ya mwingine kwa hoja ambayo mpaka leo inanichekesha: watoto wakubwa hawatataka kusoma habari za sungura, na watoto wadogo hawataiweza lugha. Mwishowe ikaangukia kwa Rex Collings, mchapishaji mdogo wa London asiye na mtaji, ambaye inasemekana alimwuliza mwenzake kama anamwona ana wazimu kwa kukubali riwaya ya sungura, mmoja wao mwenye maono. Alichapa nakala 2,500. Leo zimeuzwa makumi ya mamilioni. Na Collings huyo huyo, mwaka ule ule wa 1972, ndiye aliyechapisha kumbukumbu za gerezani za Wole Soyinka. Napenda kuwaza meza hiyo moja: upande huu Mnigeria aliyefungwa wakati wa vita vya Biafra, upande ule sungura wanaokimbia kifo.

Lakini nilitaka kuzungumzia ngeli.

Wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza wana kazi moja ambayo sisi hatuna. Kwao mnyama kwa kawaida hutajwa kwa neno lile lile, "it," linalotaja kiti na sufuria. Mwandishi akitaka sungura wake awe na akili, inabidi amtoe kwanza kwenye kundi la sufuria, ampe kiwakilishi cha mtu, na msomaji ahisi kwamba kuna mpaka umevukwa. Nusu ya uchawi wa vitabu vya wanyama wanaosema, kwao, uko pale. Kwetu mpaka huo haupo. Sungura amekuja, mwalimu amekuja. Hata wale ambao majina yao yana sura ya vitu, kifaru, kipepeo, kiboko, tukifika kwenye kitenzi tunawarudishia heshima yao: kipepeo ameruka. Mpwa wangu hakushangaa hata mara moja kwamba sungura wanaongea. Ukishasema "amesema," nani atabisha?

Kwa hiyo nilidhani tafsiri hii ya mdomo itateleza tu. Haikuteleza.

Mahali pa kwanza nilipokwama ni makazi. Sungura wa Adams wanaishi ardhini, mamia kwa pamoja, kwenye mtandao wa mashimo na njia za chini. Huyu wetu wa porini, ambaye ndiye Sungura wa hadithi za bibi, hachimbi. Analala juu ya ardhi, kwenye majani, peke yake, masikio wima. Ni mnyama mwingine kabisa, ila Kiswahili kimewapa wote wawili jina moja, na yule wa kufugwa naye kaingia humo humo. Ndiyo maana nikatafuta neno la utawala nikapata "kitongoji." Na neno hilo lilipoingia, mengine yakafuata yenyewe. Mkuu wa sungura akawa mwenyekiti wa kitongoji. Wale sungura wenye misuli wanaomlinda, ambao Adams amewatungia jina la Owsla, nikawaita sungusungu, na sijutii. Ni vijana wenye nguvu, wa hapo hapo, wanalinda wenzao na wakati mwingine wanawanyang'anya chakula kizuri. Hakuna Mtanzania atakayehitaji maelezo ya ziada.

Hadithi inaanza na kibao. Sungura mdogo, dhaifu, anayeitwa Fiver, anakiona kibao kipya kimesimikwa pembeni mwa shamba na anaona uwanja mzima umejaa damu. Kaka yake Hazel anampeleka kwa mwenyekiti. Mwenyekiti anawapokea kwa adabu, anasikiliza, anauliza habari za mama yao, anasema suala hili ni zito na linahitaji kutafakariwa. Nilipofika hapo mdomo wangu ulisema wenyewe, bila kuniomba ruhusa: "Tutalifanyia kazi."

Mpwa wangu alicheka. Kumbe hata watoto wa miaka tisa wanaijua sentensi hiyo.

Halafu akauliza kwa nini hawakukisoma kibao. Nikamwambia sungura hawa wana akili lakini hawajui kusoma. Adams amewaachia usungura wao: hawavai makoti, hawanywi chai, na hesabu zao zinaishia nne, kinachozidi hapo wanakiita "elfu," yaani wingi tu. Sisi wasomaji tumekisoma kibao kwa niaba yao, tunajua ni tangazo la kampuni itakayojenga nyumba pale, na wao wanabaki na harufu ya hatari isiyo na maneno. Niliposema hivyo nikamkumbuka shangazi yangu, aliyekuwa na nyumba kandokando ya barabara kuu. Asubuhi moja aliamka akakuta alama ya X nyekundu ukutani. Shangazi alikuwa anajua kusoma vizuri sana. Alienda ofisini na hati zake ndani ya bahasha ya kaki mara nne, akapokewa kwa adabu, akaulizwa hali ya familia. Siku ya tingatinga alikuwa bado anafua. Sikumsimulia mtoto hilo, lakini nadhani sauti ilinibadilika, kwa sababu aliniuliza kama nataka maji.

Majina tulibishana. Hazel nilimwacha kama alivyo, maana ni jina la mti tusiokuwa nao. Bigwig ana kichaka cha manyoya katikati ya masikio, hivyo akawa Kishungi, na akamfaa mno. Mgumu ni Fiver. Jina lake la kisungura lina maana ya "elfu mdogo," kwa sababu alizaliwa katika uzao wa zaidi ya wanne na ndiye aliyekuwa mdogo wao. Nilijaribu Kielfu. Mpwa wangu akakunja uso. "Si kitindamimba tu?" akasema. Basi akawa Kitinda, na hakuna mchapishaji atakayenibadilishia.

Mimea ndiyo iliyonishinda. Adams anajua kila jani la kijijini kwake, hawezi kupita ukurasa bila kutaja ua. Mimi sikulijua hata moja. Kwa siku mbili za mwanzo kila kitu kilikuwa "majani," mpaka mtoto akalalamika kwamba chakula cha sungura hawa hakina ladha. Nikaanza kusema mchunga. Ni uongo, mchunga haupo Hampshire, lakini mpwa wangu aliufahamu: kila asubuhi alikuwa anauchuma nyuma ya nyumba na kumpelekea jirani yetu, mzee mstaafu, ambaye ana sungura kumi na kitu kwenye banda la waya chini ya mwembe. "Babu, huyu mweupe leo amekula wote," utamsikia. Na babu: "Huyo? Huyo mlafi huyo." Usiku, Kishungi akila kitu chungu kitamu, tulijua ladha yake.

Sasa gari.

Sungura wa Adams wana maneno yao machache, na moja ni hrududu, yaani gari, au mashine yoyote ya barabarani. Ni mlio tu. Lisome kwa sauti utasikia injini. Nilimweleza mpwa wangu kwamba sisi tumefanya vile vile: pikipiki ni neno la kisungura kabisa. Akafurahi, akatengeneza mengine matatu ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mawili yanahusu choo. Tukafika pale Kishungi anapowaringia wenzake kwa kukaa barabarani wakati gari linapita, kuwaonyesha kwamba mchana halina shida. Nikasoma: "Hrududu likapita kwa kishindo."

"Akapita," akasema mpwa wangu.

"Likapita. Ni gari."

"Wewe unajua ni gari. Sungura hajui. Yeye anaona lina macho, linakimbia, linanguruma. Kwake yeye ni mnyama."

Nikamjibu kwa kisomo changu. Nikamwambia tunayo hata sisi: kifaru akiingia mjini ni mnyama ametoroka mbugani, kifaru kikiingia mjini ni vita. Neno ni moja, kinachotofautisha ni ngeli. Kwa hiyo hrududu lazima liwe li-, ili msikilizaji ajue halina roho.

"Msikilizaji mimi," akasema. "Na mimi nimeshajua. Ila Kishungi je?"

Sikuwa na jibu, nikamwambia muda wa kulala umefika.

Siku tatu baadaye hadithi ilimpa ushindi. Kuna kikundi cha sungura wanaokimbizwa usiku na askari, wanavuka reli, na treni inapita nyuma yao inawafagia wale waliokuwa wakiwafukuza. Walionusurika wanarudi nyumbani wanasimulia, na katika masimulizi yao kile kilichopita hakikuwa chombo. Alikuwa mjumbe. Frith, ambaye ni jua na ndiye Mungu wao, alimtuma mmoja wa wajumbe wake, mkubwa, wa moto na moshi, awaokoe. Nilipokuwa natafsiri nilianza sentensi na "i-" ya treni, nikasita, nikarudi nyuma nikasema "alikuja, alikuwa na mwanga mkali kuliko kitu chochote."

Kimya. Halafu kutoka kwenye shuka: "Si nilikuambia?"

Na hapo ni mtoto aliyekuja Morogoro kwa treni ya SGR, anayejua bei ya tiketi na namba ya behewa lake.

Tangu usiku ule niliacha kujiona natafsiri maneno. Kila sentensi iliyokuwa na kitu kinachotembea ilinilazimisha kuamua: hiki kina roho kwa nani? Mwanga wa tochi unaomfanya sungura agande katikati ya njia. Mto. Mwezi. Adams, kwa lugha yake, angeweza kupita kimya kimya bila kuchagua. Kiswahili hakikuachii. Huwezi kufungua mdomo kabla hujaamua.

Lipo neno lao jingine, tharn, la ile hali ya sungura kushikwa na hofu mpaka miguu inakataa, macho yako wazi lakini haoni. Nilitumia kuduwaa, nikatumia kupigwa na butwaa, hakuna lililotosha. Lakini maajabu ya kitabu hiki ni kwamba ukifika mwishoni huhitaji tena kutafsiriwa. Kuna mahali Kishungi anamtukana Jenerali wa maadui sentensi nzima kwa lugha ya sungura, na Adams haelezi, kwa sababu kila neno alishakupa mbeleni, moja moja, kama mama anavyomfundisha mtoto. Mpwa wangu alilielewa tusi lile kabla yangu. Alilirudia siku mbili. Nimeshapigiwa simu na dada yangu kuhusu jambo hilo.

Sehemu ninayoiona bora kuliko zote haina vita. Hazel na kundi lake, wakiwa wamechoka, wamelowa, wanakaribishwa kwenye kitongoji cha sungura wanene. Manyoya yao yanang'aa. Chakula kinapatikana bila jasho. Kuna mkulima anakitupa hapo karibu kila siku, karoti na majani mazuri. Nafasi ni tele, mashimo mengi yako matupu. Wenyeji wana tabia njema mno, wana mashairi, wana sanaa ya kupanga vijiwe ukutani. Jambo moja tu: hawajibu swali lolote linaloanza na "wapi." Fulani yuko wapi? Wanabadilisha mazungumzo. Kitinda anakataa kuingia, anatetemeka, wenzake wanamwona mkorofi. Kisha asubuhi moja Kishungi ananaswa shingoni na tanzi la waya, na mambo yote yanaeleweka kwa pamoja. Mkulima hafugi, ila anavuna.

Lakini kabla ya tanzi kuna usiku wa hadithi, na hapo ndipo niliposimama kusoma nikaweka kitabu kifuani. Wageni wanaombwa watoe hadithi. Wanatoa ya El-ahrairah, babu wa sungura wote, mwizi, mwongo, mjanja, aliyelaaniwa kuwa na maadui elfu na akabarikiwa miguu ya kuwakimbia. Kwa sungura wa kawaida hakuna zaidi ya hapo. Wakisikia jina lake damu inachemka. Wenyeji wale wanene wanasikiliza kwa heshima na baridi. Wanasema ni hadithi nzuri, ya kizamani. Wao siku hizi hawana haja nazo sana.

El-ahrairah ni Sungura wetu. Simaanishi kwamba Adams alimchukua kwetu. Namaanisha kwamba ukiwaweka wawili hao kwenye chumba kimoja watajuana kwa harufu. Huyu wetu ndiye aliyekataa kuchimba kisima na wenzake, kisha akawa anakuja kunywa kwa hila, akiwalaghai walinzi mmoja mmoja, mpaka akanaswa na Kobe aliyepakwa ulimbo mgongoni. Hadithi za ulaghai wa namna hiyo zilivuka Atlantiki ndani ya vifua vya watu waliouzwa utumwani, na huko Marekani sungura akaendelea kuwadanganya wakubwa. Sidhani kuna mahali watu wanyonge wamewahi kumchagua simba awe shujaa wao.

Nilimwuliza mpwa wangu kama anaijua hadithi ya kisima. Hakuijua. Anamjua Sungura kwa jina na sifa, kama unavyomjua mtu maarufu ambaye hujawahi kuzisikia nyimbo zake. Mama yake, dada yangu, aliisikia kwa bibi mara ngapi sijui, tena mimi nikiwa pembeni yake kwenye mkeka ule ule. Kati yetu wawili hakuna aliyeipitisha. Maisha yamekuwa mazuri, si haba, chakula kipo, katuni zipo. Basi usiku ule nikafunika kitabu, nikakohoa.

"Hadithi, hadithi!"

"Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Kumbe kiitikio anakijua, wamefundishwa shuleni.

Nilisahau katikati. Nilisahau jinsi Sungura alivyomfunga Simba kamba pale kisimani, nikabuni. Hakujua. Bibi angejua.

Nisidanganye kwamba alikipenda chote. Kulikuwa na usiku aliokaa kitandani amekunja mikono. Kundi limefika kilimani, limepata makazi mazuri, limetulia, na ndipo Hazel anagundua kwamba wote ni madume. Bila majike kitongoji kitakufa na wao. "Wamegundua sasa hivi?" akauliza. "Tangu mwanzo hawakuona wasichana hawapo?" Nikamtetea Adams kwa sauti ndogo. Hata hivyo ana haki, na wasomaji wengi wamelisema hilo kabla yake. Zaidi ya hapo, Adams mwenyewe alitegemea sana utafiti wa R. M. Lockley, aliyeandika mwaka 1964 kuhusu maisha halisi ya sungura, na kwa sungura halisi wachimbaji wakubwa wa mashimo ni majike. Katika riwaya kuchimba ni kazi ya kike ambayo madume wanajifunza kwa shida, lakini majike wenyewe wanaingia wamechelewa na wengi wao kama mzigo wa kuibwa. Isipokuwa Hyzenthlay. Huyo mpwa wangu alimpokea kwa mikono miwili, na alinifanya nilitamke jina lake upya mpaka likakaa sawa.

Hyzenthlay anatoka Efrafa, kitongoji kinachotawaliwa na Jenerali Woundwort kwa alama mwilini, zamu za kula, na doria. Hapo sungusungu hawakunitosha, nikawaita mgambo. Mtoto wa mjini akisikia mgambo anawaona na virungu vyao wakikimbiza akina mama wa ndizi, sikuongeza neno. Humo ndani msongamano ni mkubwa kiasi kwamba majike wanabeba mimba na mimba zinayeyuka tumboni, hazizaliwi. Nilifikiri ni ubunifu wa mwandishi. Si ubunifu, miili ya sungura hufanya hivyo kweli. Ukurasa huo niliuruka. Nikaurudia peke yangu baadaye.

Kuhusu vita vya mwisho sitasema mengi, ni vizuri na ni virefu. Adams alikuwa afisa katika kikosi cha usafirishaji cha jeshi la miavuli wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na alieleza kwamba Hazel alimchora kutoka kwa kamanda wake, John Gifford, na Bigwig kutoka kwa Paddy Kavanagh, afisa aliyeuawa Uholanzi mwaka 1944 katika mapigano ya Arnhem. Ukijua hivyo, unaelewa kwa nini Kishungi, akiwa ameziba njia ya chini kwa mwili wake, anamwambia Jenerali kwamba mkuu wake amemwagiza alinde pale. Jenerali anatetemeka kidogo. Alidhani dume kubwa kama lile ndilo mkuu mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwona Hazel akimshinda mtu kwa misuli.

Na shakwe! Ningekuwa sina adabu nisipomtaja. Ni ndege wa baharini aliyeumia bawa, anayeongea lugha ya sungura kwa kuivunja vunja. Nilihangaika nimpe Kiswahili cha wapi. Kila lafudhi niliyoijaribu ilikuwa na shemeji yangu ndani yake. Mwishowe nikamvurugia ngeli zote: "Maji mkubwa, yeye kuko mbali, mimi naenda kwa yeye." Mpwa wangu alicheka mpaka akapaliwa, halafu akanyamaza, akasema: "Kwake maji ni mtu." Nilikuwa nimekosea makusudi ili tucheke, na bado nimepatia.

Tulimaliza Ijumaa. Kurasa za mwisho ni chache. Hazel amezeeka, amejilaza shimoni siku ya baridi, na anakuja mgeni ambaye masikio yake yana mwanga hafifu wa fedha, anamwambia amekuja kumwalika ajiunge na kikosi chake. Msomaji anamjua mgeni ni nani kabla Hazel hajamjua. Wanatoka nje pamoja. Hazel anaona hatauhitaji tena mwili wake, anauacha pembeni mwa mtaro, anasimama kidogo kuwatazama wadogo wakicheza, kisha anaruka na kwenda.

Nilisoma taratibu. "Mwili ukabaki," nikasema, "na yeye akaondoka."

"Ukabaki," akarudia. Akawa anaipima ile u- mdomoni. "Mwili ni u-. Yeye ni a-. Kwa hiyo hawakuwa kitu kimoja."

"Kisarufi, ndiyo."

Alilala kabla sijazima taa.

Jumapili mchana jirani akapiga hodi na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Mpwa wangu alimwahi mlangoni. "Shikamoo babu." "Marahaba, mama. Shika, umpelekee mjomba. Ile sungura imeiva, imekolea viungo hasa." Akalipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akashukuru, akasubiri mzee avuke ua.

Akaliweka mezani. Hakulifunua.

"Mjomba, umemsikia babu? Amesema imeiva."

"Nimemsikia."

"Juzi alisema huyu mlafi. Sasa ile."

Nilikuwa na jibu la darasani, kwamba kilichomo bakulini ni nyama, na nyama ni ya I-ZI. Nililishikilia mdomoni kidogo, nikalimeza.

"Alikuwa na jina?" akauliza.

"Babu hawapi majina."

Akafunua sahani. Mvuke ukapanda, na harufu ya kitunguu saumu na tangawizi ikajaa sebuleni. Alitazama ndani kwa muda, akachagua paja dogo, akalila polepole mpaka mfupa ukawa mweupe, bila kusema chochote. Kisha akanyoosha mkono akaniomba ndimu.